Mbabula Yenye Haijawaka

"Yaya Feza, sasa mbabula yenye haijawaka utapikia nini? Baridi?"

Ndivyo mama Delphine alivyomuuliza siku moja kwenye mlango wa ua wake, hapa Makomeno, mkononi bado ana mwiko wa kusongea bukari. Tuliokuwa karibu tulicheka. Yaya Feza naye alicheka kidogo, kisha akauliza tena, polepole, kama mtu anayeomba maji ya kunywa: "Lakini uko nayo, ama hauna?"

Hakuwa nayo. Lubumbashi hii, nani atanunua mbabula, jiko letu la bati, aiweke bila makaa? Umeme unakatika asubuhi, unakatika jioni, mbabula haipumziki.

Yaya Feza, dada mkubwa wa mtaa wote, ni mjane wa miaka sitini na miwili. Babu yake alikuja toka Maniema, fundi wa kushona kanzu. Yeye mikono yake ilienda kwenye udongo. Wafua bati wanamletea mbabula mpya, bati tupu, naye anaikandika ndani kwa udongo mweusi, unene wa vidole viwili, anailainisha kwa mgongo wa kijiko, anaiacha ikauke kivulini. Juani hapana, kamwe. Mbabula aliyoipaka haipasuki. Kila kiangazi alikuwa anakwenda nyuma ya Luano, nje ya mji, kwenye dembo, ule uwanda wa majani unaojaa maji wakati wa mvua, na alikuwa anachimba mahali pamoja tu, ndani ya kidimbwi kilichokauka. Anasema udongo uliolala chini ya maji una utii.

Kidimbwi hicho alionyeshwa na mama yake. Zamani, mvua zikisha kuzoea kunyesha, kilikuwa na visamaki vya urefu wa kidole kidogo, ubavu wa buluu, mkia mwekundu kama shaba inapotoka motoni. Waliviita kamvula. Mto haukufika pale, wala mfereji. Kiangazi kikija maji yanakauka, visamaki vinakufa vyote, na mvua zikirudi viko tena vinacheza. Mama yake alikuwa anasema vinashuka na mvua.

"Tulikuwa tunaangalia juu, mi na dada yangu," aliniambia, "tunafungua kinywa, tuone kama kamoja katatuangukia ndani."

Halafu miaka ikapita, nyumba zikasogea, na wakati wa mvua hakuna aliyekwenda tena kuangalia kamvula. Yeye aliendelea kuchimba. Udongo ulikuwa bado mzuri.

Mwaka jana, mwezi wa nane, alikuja mwalimu Symphorien, mtu wa asili ya Kasai, mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Anafundisha habari za wanyama. Alileta mbabula ya mke wake ipakwe upya, na yaya Feza, kama kawaida yake, mikono inafanya kazi na mdomo unasimulia, akamsimulia kamvula. Mwalimu akasimama.

"Mama, hiyo samaki uliiona wapi?"

Alikuwa anaitafuta miaka minne. Kidimbwi cha mwisho alichokisikia kilikuwa nyuma ya Luano, lakini alipofika alikuta malori yamekwisha kumwaga udongo mwekundu juu yake, vigingi vya viwanja vimesimama. "Bakubwa ba kazi yetu bameandika kama imekwisha. Haiko tena mu dunia."

"Itashuka na mvua," yaya Feza akasema.

"Haishuke na mvua, mama. Mayayi yake inalala mu bulongo, kiangazi yote. Inangoja. Mvua inakuja kuilamusha tu."

Hapo kijiko kilisimama. Maana kiangazi cha mwaka uliotangulia, kabla ya malori kufika, yaya Feza alikuwa amechimba kitako cha kidimbwi kile mpaka mifuko yote ikajaa. Na udongo wote ulikuwa umekwenda katika mbabula za watu; aliokuwa anapaka sasa ulitoka kwingine.

"Mi njo nilibamaliza," akasema. "Nilibachoma, nyumba kwa nyumba."

"Haukujua, mama."

"Sikujua. Lakini moto uliwaka."

Tangu siku ile hakulala vizuri. Aliniambia anaota yuko mtoto, kinywa wazi, mvua inanyesha na haimloweshi. Ndipo akaanza kuzunguka mji akiulizia mbabula ambayo haijawashwa, moja tu, yenye udongo wake wa mwaka ule. Watu walimwonyesha mbabula nyeusi kwa masizi. Merdi, anayekaanga vitumbua kwenye kona, alipiga makofi: "Tantine, kumbe ni samaki! Njo maana bitumbula yangu iko tamu!" Yaya Feza alinunua viwili kwake, akaendelea na njia.

Jibu lilimjia siku ya Ijumaa, anakunja mswala wake baada ya kusali. Gaëlle!

Gaëlle ni binti wa mtaa wetu. Aliolewa mwaka ule na Ariel, wakahamia Kipushi, na kati ya zawadi za arusi kulikuwa mbabula ya yaya Feza. Katika ukoo wa Ariel wana desturi yao: moto wa kwanza wa bibi arusi unawashwa na mama mkwe. Na mama mkwe yuko Kananga, anaugua mguu, hajaweza kusafiri.

Nilimsindikiza Kipushi. Mbabula tuliikuta juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, bati inang'aa kama ilitoka dukani jana. Gaëlle alipika kwa réchaud ya umeme, na umeme ukikatika aliazima moto wa jirani. Aliposikia shida yetu alijiweka mbele ya kabati.

"Hapana, mama. Kubomoa mbabula yenye mama mukwe hajawasha? Munataka banirudishe kwetu?"

Yaya Feza hakubisha. Alikaa chini kwenye mkeka, akasema atangoja Ariel arudi kazini. Ariel alirudi, akakuna kichwa, akapiga simu Kananga. Sauti ya mama mkwe, mama Germaine, ilijaa nyumba nzima.

"Iko nani huyo anatafuta samaki ndani ya mbabula? Mumupatie telefone."

"Ni mi, mama. Bulongo nitakurudishia, mupya, na mikono yangu."

Mama Germaine akauliza: "Na hiyo samaki, banaikula?"

"Hapana, mama. Ni ya kuangalia tu."

"Haya, muangalie. Lakini moto, mi njo nitawasha!"

Yaya Feza aliubandua ule udongo kwa mpini wa kijiko, pande kwa pande, akaufunga ndani ya kitenge. Akapaka udongo mpya alioubeba, akafunika kitambaa. Njia nzima ya kurudi, gari likiruka shimo, alikuwa anaweka kiganja juu ya fungu lake.

Mvua ya kwanza ilipokuja alisimamisha beseni katikati ya ua, mbali na bati la nyumba na kutu yake. Maji yakajaa, udongo ukalegea, ukatua. Siku saba, hakuna kitu. Mama Delphine akachungulia: "Yaya, uko na supu ya bulongo." Lakini alisema kwa sauti ndogo, na alikuwa amevua viatu.

Mwalimu Symphorien alieleza kwamba mayai mengine hayaamki kwa maji ya kwanza. Yanaogopa mvua ya uongo. Lazima maji yamwagwe, udongo ukauke tena, lakini usife.

"Kukausha bila kuua," yaya Feza akasema, "hiyo ni kazi yangu."

Akaukausha kivulini, chini ya gunia bichi, anaugusa kila asubuhi kwa mgongo wa kidole kama anavyogusa mbabula. Mimi nilimaliza rozari kwa ajili yake, naye aliitika amina.

Mwezi wa kumi na mbili ikanyesha mvua ile nzito, nyeupe, inayofuta nyumba za ng'ambo ya barabara. Kesho yake aliniita. Jua lilikuwa limelala juu ya maji. Nikaona vumbi tu. Kisha vumbi likageuka, likaniangalia. Nukta zenye macho, kumi na moja, zinapanda na kushuka katika mwanga kama zinapumuliwa.

"Bismillahi," yaya Feza akasema, akafunga mdomo kwa kitenge.

Saba ndizo zilizokua. Mwezi wa pili mmoja alipata mkia mwekundu, mwekundu kabisa, na mwalimu Symphorien alivua miwani akasahau kuivaa. Lakini alisema pia neno gumu: hawa wanaishi miezi michache tu, na beseni si nyumba. Lazima watage kwenye udongo wa dembo, nao ukauke na kiangazi. Na nyuma ya Luano palibaki bonde moja dogo, nalo limekwisha kupigwa vigingi.

Wenye kugawa viwanja waliita mkutano. Yaya Feza alikwenda na beseni, limefunikwa kitenge. Watu walisukumana kuchungulia, hata waliokuja kugombana. Mkubwa wa wagawa viwanja akamuuliza kama anataka kiwanja.

Alisimama, akasema: "Parcelle sitaki. Ninaomba mutuachie kale kashimo ka mwisho kenye mayi inasimama, musimwange bulongo ndani. Ninataka kubarudisha mbele ya kiangazi."