Siku Niliyomlowesha Soksi Mtu wa Benki

Aibu nyingine mtu huenda nazo kaburini, lakini hii siwezi kuificha kwa sababu Mama ameshaisimulia msikitini, tena kwa vitendo, kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe.

Kilichoninyima usingizi ni doa. Dada Mwajuma (mwanajeshi wa jeshi la Kanada, msimzoee) alikuwa ameipenda nyumba moja kule Weston, hapahapa Toronto, na benki yake, ambayo ina mpango wa mikopo kwa wanajeshi, ilikuwa karibu kukubali, mara akapelekwa mazoezini mkoa mwingine akaniachia mimi, mhitimu nisiye na kazi, nisimamie yaliyobaki. Tulitaka kitu kimoja tu: Mama ahame jengo letu la ghorofa mtaa wa Jane and Finch, ambako lifti ikigoma (na inapenda kugoma) magoti yake ndiyo yanayoteseka. Sasa mimi nilikuwa nimeliona doa kwenye ukuta wa besimenti, chumba cha chini ya nyumba, limepakwa rangi juu, nikawa nagaagaa kitandani: ni unyevu au ni kivuli? Nikisema, namkosesha Mama nyumba. Nikinyamaza, namtwisha dada gofu.

Asubuhi ukaingia ujumbe wa Bwana Nizar, dalali wetu, mzaliwa wa Mwanza: "Mtu wa nyumba anakuja leo saa nne."

Wiki ile tulitegemea watu wawili, mkaguzi wetu tuliyemkodi atafute ubovu, na mthamini anayetumwa na benki aseme kama nyumba inafaa bei yake. Mtu mwenye akili angeuliza, huyu ni yupi? Lakini nilikuwa nimeshamuuliza Bwana Nizar maswali mengi mno (hata mizizi ya ule mti wa mbele inaelekea wapi), akafikia kunijibu kwa kile kipicha cha kidole gumba tu, basi nikaamua, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kutouliza. Nikajiambia, ni mkaguzi.

Tukaenda mimi na Mama, na Mama akabeba sambusa, maana kwake mtu hawezi kukutazamia nyumba na njaa. Bwana Nizar akatufungulia, akabaki garini na simu zake. Akaja bwana mmoja mpole, akavua viatu mlangoni, akatoa kifaa cha kupimia vyumba, akaanza kupiga picha. Nikamwona mvivu! Nikatoa gololi mfukoni nikaiviringisha sebuleni ili aone sakafu ilivyoinama, nikamvuta hadi dirishani, nikamwambia tena kwa ukali kidogo, "Mbona huandiki?"

"Dada, mimi hiyo siyo kazi..." akaanza.

"Kula kwanza, baba," Mama akasema kwa Kiswahili, akamjaza sambusa mkononi, na mtu mwenye sambusa mdomoni hajielezi.

Nikampeleka besimenti nikamwonyesha doa. Akalipiga picha moja, basi. Nikaona hapana, huyu lazima aone maji yanakwenda wapi. Nikapanda mbio juu, nikafungua mabomba yote, nikavuta maji ya vyoo vyote viwili kwa mpigo, halafu nikasikiliza. Kwanza kimya. Kisha chini kukatoka sauti kama ya ng'ombe anayekunywa, na baada yake sauti ya yule bwana, ambayo sitaitafsiri.

Niliposhuka, maji yalikuwa yanapanda kutoka kwenye tundu la sakafuni, meusi, na yeye kasimama katikati na soksi zake nyeupe, sambusa kaiinua juu isilowe (Mama alimpenda kuanzia hapo).

Bwana Nizar akaja mbio. "Yallah! Bibie, umemfanya nini mtu wa benki?"

"Wa benki? Si mkaguzi?"

"Mkaguzi ni kesho! Huyu ndiye anayeiambia benki nyumba ina thamani gani, na wewe umemzamisha!"

Natamani niwaambie nilizimia, lakini nilibaki nimesimama na gololi yangu mkononi. Mama akavua kanga ya begani, akainama kumfuta miguu mtu wa watu huku akimpa pole, naye akaondoka peku, kanga ameizungushia miguuni ndani ya gari.

Jioni Bwana Nizar akapiga simu. Mthamini ameandika alichokiona, na benki haiendelei mpaka ijulikane maji yametoka wapi. "Tumfutie mkaguzi wa kesho, bibie," akasema kwa upole. "Fundi azibue, benki iridhike, dada yako apate nyumba. Wengi hapa Toronto wananunua bila ukaguzi."

Nikamtazama Mama, amekaa anakanda goti lake. Nikasema, "Mkaguzi aje."

Akaja (nilimuuliza mlangoni ni nani na katumwa na nani, mara mbili), akaingiza kamera kwenye bomba la maji machafu: mizizi ya ule mti wa mbele imelivunja lote mpaka barabarani. Mwenye nyumba akakataa kutengeneza. Safari hii sikungoja hata usiku mmoja upite. Nikampigia dada, nikamweleza yote, hadi soksi. Akacheka mpaka wenzake wakamuuliza kulikoni, kisha akauliza:

"Mama anasemaje?"

Mama akaichukua simu. "Magoti yangu yanajua ngazi, mwanangu, kuogelea hayajui."

Basi nikamwandikia Bwana Nizar kwamba tunajitoa. Akajibu kwa kidole gumba.