Anwani ya Akheri Niliyoishtaki

Nilikuwa na miaka ishirini na minne nilipopewa kazi ya kusaka anwani mbaya. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila mwenye mtaji kidogo Arusha anafungua kampuni. Yetu iliuza intaneti kwa antena. Tulikuwa na vyumba viwili ghorofani, seva nne na feni moja isiyozimwa, na wateja kuanzia hoteli za watalii hadi shule za mlimani. Nyumbani Lemara, mama aliwaambia majirani kwamba nafanya kazi ya kompyuta, akaishia hapo. Hakuwa na la kuongeza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kompyuta iliyo mtandaoni ina namba yake, na namba hiyo ndiyo anwani. Seva huandika kila anwani iliyobisha hodi na ilichotaka. Asubuhi nilichapa kumbukumbu za jana yake, nikazipitia kwa kalamu nyekundu nikitafuta wezi, yaani anwani zilizojaribu mamia ya maneno ya siri mpaka mlango ufunguke. Nikiipata moja, naizuia, naiandikia malalamiko kampuni inayoimiliki, kisha naipeleka kwenye orodha ya pamoja iliyotumiwa na mafundi wa nchi nyingi. Anwani ikiingia kwenye orodha ile, seva nyingi duniani huikatalia kila kitu, hata barua pepe. Kuingia ni mara moja, kutoka ni shughuli.

Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Bosi aliniita askari wetu, na mimi nikavimba kichwa.

Sheria ya ofisi ilikuwa moja tu: anwani ikiwa ya mteja wetu, mpigie simu kwanza. Mara nyingi mwenyewe hajui. Kompyuta yake imeingiwa na kirusi, na kirusi ndicho kinachoshambulia watu huku yeye anachapa barua zake kwa amani.

Asubuhi moja yakaja malalamiko kutoka chuo kimoja cha nje. Anwani iliyowashambulia ilikuwa yetu. Nikaitazama namba, nikaijua papo hapo, maana antena ile niliifunga mwenyewe. Ilikuwa ya mwalimu mstaafu wa Akheri, kijiji cha mlimani, aliyekuwa na kompyuta moja kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, akiwachapia wanakijiji barua na kuzituma. Sikumpigia simu.

Nieleze kwa nini, ingawa sababu yenyewe inanitia aibu mpaka leo. Wiki mbili kabla, mwalimu yule alikuja ofisini, mimi nimeinamia karatasi zangu, nikamjibu bila kuinua kichwa. Akasema mbele ya wateja wote, "Binti, siku hizi huku mjini shikamoo imefutwa?" Watu wakacheka. Nilikuwa sijasahau. Nikaipeleka anwani yake kwenye orodha kama ya mwizi yeyote, nikaenda kunywa chai.

Siku ya tatu akapiga simu.

"Binti, barua zangu zinarudi. Zinarudi na Kiingereza kingi ambacho sikielewi."

Nilielewa mara moja. Nikasema, "Ni mtandao, Mwalimu. Vumilia siku mbili tatu."

"Haya, mwanangu. Ila kuna mzee hapa ana barua ya haraka kwa kijana wake."

"Tunashughulikia, shikamoo." Nilisalimia wakati wa kuaga, kwa jinsi nilivyochanganyikiwa.

Siku ileile niliomba anwani ile iondolewe. Jibu likaja kwamba kwanza nithibitishe kompyuta imesafishwa. Kuisafisha ni kwenda Akheri, na kwenda Akheri ni kueleza. Nikaahirisha. Akapiga tena, nikamwambia ni mtandao. Akapiga mara ya tatu, nikamwomba mwenzangu aseme nimetoka.

Wiki ya nne nilipanda mlimani. Mvua ilikuwa imenyesha, njia ya migombani inateleza, nikafika na matope hadi magotini. Mwalimu alinipokea kwa taulo na chai. Nilikaa kwenye kompyuta yake, nikakikuta kirusi, nikakiondoa. Nilipomaliza nikasema yote bila kumtazama: anwani, orodha, simu ambayo sikumpigia, na uongo wa mtandao.

Aliweka kikombe chake chini. Kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, nimefundisha watoto wabaya kuliko wewe. Lakini si mimi uliyemuumiza. Twende."

Mzee wa ile barua ya haraka alikuwa shambani kwake, anang'oa kahawa. Bei ilikuwa imeanguka tangu soko liachiwe wanunuzi wa kila aina, naye alikuwa anapanda nyanya mahali pake. Njiani mwalimu alikuwa amenieleza. Kijana wake alisoma nje, akataka kuoa huko mwanamke ambaye baba hakumtaka. Wakagombana kwa simu, kijana akabadilisha namba, ikabaki anwani ya barua pepe tu. Baadaye mzee alilegea. Akaja kwa mwalimu akaandikisha baraka zake. Barua ikarudi. Wakaituma tena, ikarudi. Harusi ilikuwa imefungwa Jumamosi iliyopita.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba."

Nilimweleza kwa Kiswahili chepesi, na alipokwama mwalimu alimfafanulia kwa Kimeru. Alisikiliza ameegemea jembe.

"Kwa hiyo barua yangu ilifika mlangoni kwa watu, wakaikataa?"

"Ndiyo, baba."

"Na wewe ndiye uliyewaambia huku kuna mwizi?"

"Ndiyo, baba."

Hakufoka, na afadhali angefoka. Alinawa mikono, akatangulia kuteremka hadi chumba cha kanisa, akaketi pembeni yangu. Nikaipa kompyuta anwani nyingine iliyo safi, maana ya zamani ilikuwa bado kwenye orodha, akaniambia nichape barua ileile.

"Weka tarehe ya siku ile ya kwanza," akasema. "Ajue nilisema kabla."

Nikauliza kama niongeze mstari wa kueleza kosa langu. Akakataa. "Hiyo ni barua yangu. Ya kwako andika mwenyewe."

Niliandika yangu baada ya yake, nikazituma zote mbili. Jibu la kijana kwa baba lilikuja baada ya siku tisa, refu, na mwalimu aliniambia mzee aliomba asomewe mara tatu. Baadaye ikaja picha ya harusi kwa posta: bibi harusi na ndugu zake upande mmoja, upande wa pili kijana peke yake na rafiki aliyesimama badala ya ukoo. Mzee aliitundika sebuleni. Mimi sikujibiwa, na sikuwa na haki ya kudai jibu.

Nilirudi kazini. Tangu hapo nilipiga simu kwanza, hata kwa wateja wakali, na bosi akaanza kulalamika kwamba nimekuwa mzito. Hakujua kitu. Sikumwambia, wala mwalimu hakunishtaki. Nilipoondoka kampuni ile bosi aliniandikia barua ya sifa, na humo akataja mwezi uleule wa Akheri kwa jinsi nilivyokuwa mwepesi kuzikamata anwani mbaya. Kwa barua ile nilipata kazi iliyofuata. Niliitoa kwenye bahasha mbele ya aliyenisaili, akaisoma, akatabasamu, akaniuliza naweza kuanza lini. Nikasema Jumatatu.