Siku Tatu za Kuuangalia Mji

Kalunde alishuka kwenye basi pale Kitui akiwa ameshakata shauri: mji huu ataupenda. Apende asipende, ataupenda. Amekula chumvi miaka sitini, amezaliwa Migwani, ameolewa Migwani, na siku zote alijua atazikwa Migwani. Sasa alikuwa amekuja siku tatu, Ijumaa mpaka Jumapili, kuangalia kama anaweza kuishi mahali ambapo kuni zinauzwa kwa mafungu kama mboga. Ulikuwa mwezi wa Desemba, mwaka wa sabini na tano.

Ngoja nieleze, maana bila hivyo mtu atadhani mzee huyu alikuwa na wazimu. Kalunde hakujaliwa mtoto. Mumewe, Ndolo, alimpenda hivyo hivyo, hakuongeza mke, na akafa mapema. Matanga hayajaisha vizuri, shemeji mtu, Nzomo, akaanza kulipima shamba kwa macho. Ati nyumba isiyo na mtoto si nyumba. Haya. Kalunde hakubishana naye. Alifanya walivyofanya wanawake wa Ukambani tangu zamani: akatoa mbuzi wake mwenyewe, akatengeneza pombe, akaenda kuposa msichana aitwaye Mutindi, akamwoa. Mke wa namna hiyo Wakamba humwita iweto. Huolewa na mwanamke mwenzake ili aizalie nyumba, na watoto ni wa nyumba iliyotoa mbuzi. Mwanamume aliyewazaa haulizwi, na ukimtaja unaonekana huna adabu. Mutindi akazaa mvulana, akapewa jina la marehemu, Ndolo. Akazaa na msichana, Ndinda. Wote wawili wakamwita Kalunde Susu, yaani nyanya, na Nzomo akaufyata.

Miaka minane Kalunde aliishi kama watu wengine. Halafu mvua ikagoma. Misimu miwili walipanda na misimu miwili hawakuvuna hata mbegu waliyoipanda. Mutindi akawa anachukua vyondo kwenda kuuza Kitui, na huko huko akaokoka, na kanisa likampa kazi ya kupika katika bweni la wasichana. Likampa na chumba ndani ya kiwanja cha kanisa. Akarudi Migwani na unga kichwani, akamwambia Kalunde kwamba Januari watoto wataanza shule mjini. Akamwomba aje aone kwanza, na akipaona panafaa, wahame wote.

Hakusema itakuwaje asipopaona panafaa. Hakuwa na haja ya kusema. Watoto wangekwenda tu, kwa sababu Migwani hapakuwa na chakula, na Kalunde angebaki peke yake na yale mashimo ya maji mtoni, na Nzomo anapita kila asubuhi kuuliza kama ameamka. Mzee aliogopa.

Basi Ijumaa, watoto wawili wakiwa wamekuja naye, akaanza kuupenda mji. Alionyeshwa mfereji, akaufungua, akaufunga, akasema ni jambo zuri sana kutochimba mchanga ili unywe. Alionyeshwa chumba, cha mabati, kitanda kimoja na mkeka, akasema kinatosha na kubaki. Nyawira, mama wa kutoka Nyeri aliyesimamia bweni, akaja kumsalimia kwa mikono miwili na kumletea chai yenye maziwa. Kalunde alimpenda pia, na huyo hakumpenda kwa kujilazimisha.

Jumamosi alitoka peke yake, makusudi. Alitaka kujua kama anaweza kwenda na kurudi bila kushikwa mkono. Akapita maduka ya Wahindi, akapita hospitali, akapita ofisi ya DC akiharakisha, maana ofisi za serikali hazijawahi kumfanyia lolote la maana. Kelele zilimchosha. Vijana walimpita bila kumwamkia, mmoja, wawili, ishirini, mpaka akaacha kuhesabu utovu wa adabu. Alitafuta mahali pa kukaa tu, mahali ambapo mzee anaweza kukaa bila kuulizwa anauza nini, na hakupaona. Ilipofika saa sita alikuwa ameketi kwenye jiwe nyuma ya soko, machozi yanamlenga. Wewe Kalunde, alijiambia, ukishindwa na hapa utakwenda wapi?

Hapo ndipo alipowaona akina mama wanne wa Matinyani, chini ya ukuta, wanasuka vyondo. Mmoja akamsogezea gunia. Hakumuuliza jina wala ukoo, alimpa tu kamba aendeleze. Kalunde akasuka hadi saa kumi. Walisengenya wakwe zao, wakamcheka pasta mmoja ambaye mbuzi alimla kofia, na alipoinuka kuondoka wakamwambia Jumatatu aje na gunia lake mwenyewe. Nakwambia alirudi kiwanjani akitembea kama msichana. Kumbe mji una mahali pake. Kumbe inawezekana.

Mutindi alikuwa anamngoja mlangoni, na uso wake haukuwa mzuri. Akamketisha, akaanza kuzungukazunguka kama mtu anayetafuta sindano, mwisho akatoa lililokuwa moyoni. Vyumba hivi ni vya wajane wa kanisa. Alipopewa, aliulizwa mumewe ni nani, akasema amekufa. Akasema mume huyo alikuwa mwana wa Kalunde.

"Mwanangu yupi?" Kalunde akauliza.

"Mama, ningesema nini? Niseme nimeolewa na mwanamke? Hapa wanaita hayo mambo ya giza." Mutindi alikuwa analia. "Kesho wewe nyamaza tu. Wakikuuliza, sema wewe ni Susu wa watoto. Hilo si uongo."

Kalunde alikubali. Lakini lile neno lilimkaa kifuani kama mfupa. Katika nyumba yake mwana wa kiume alikuwa mmoja tu, naye alikuwa nje anacheza na gurudumu la baiskeli. Kwao mtu hamtamkii kifo aliye hai, hata kwa mzaha. Ukimtamkia umemwita, na kifo hakirudi mikono mitupu. Mzee aliyelelewa hivyo humwambii ni ushirikina ukamaliza. Zaidi ya hayo, miaka thelathini aliitwa tasa mbele na nyuma, akavumilia, akajitafutia watoto kwa mbuzi wake halali. Leo aambiwe alizaa, tena aliyemzaa akafa? Hiyo ilimuuma hata akakosa hamu ya kula.

Jumapili kanisa lilijaa. Baada ya nyimbo, Pasta Kivuva, mtu mnene wa Mukuyuni mwenye sauti ya kubembeleza, akaomba wageni wasimame wajulikane. Kalunde akasimama. Akasema yeye ni Kalunde, anatoka Migwani, ni Susu wa watoto wa Mutindi, na anawasalimu. Angeketi hapo mambo yangekwisha. Lakini pasta alikuwa na upendo mwingi, na upendo wa watu wengine hauna breki. Akashuka madhabahuni, akamshika mkono, akawaambia waumini watazame mama aliyempoteza mwana na bado anasimama. Kisha akamuuliza kwa upole marehemu aliaga lini, ili kanisa lipate kumwombea mama.

Watu wote wakageuka. Ndolo mdogo alikuwa benchi la mbele, amevaa shati la kuazima, anamwangalia Susu wake na kutabasamu.

"Mimi sijafiwa na mtoto," Kalunde akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Sikuzaa. Mutindi nimemwoa mimi, kwa mbuzi wangu. Watoto wangu ni hawa, na wako hai."

Basi. Nyawira, ambaye hakuwa amewahi kuliona jambo kama hilo, alimtazama Mutindi kama anayemwona mara ya kwanza. Lakini wengine wote walikuwa Wakamba, walijua vizuri sana, na nusu yao walikuwa na shangazi aliyefanya hivyo hivyo. Hao ndio walioinamisha vichwa haraka zaidi. Pasta akatoa sauti ya kuanzisha wimbo, wimbo ukaanza kombo.

Saa nane wazee wa kanisa walikuwa wameshakaa. Uamuzi uliletwa mlangoni na mzee mmoja asiyeweza kumwangalia mtu machoni: Mutindi amedanganya kanisa, na anaishi katika ndoa isiyo ndoa. Arudishe ufunguo kufikia Jumamosi. Kazi na shule ya watoto viende pamoja na ufunguo.

Mutindi hakumlaumu. Angemtukana ingekuwa afadhali. Alipiga magoti akaanza kukunja nguo, moja moja, akizikunjua na kuzikunja tena. Ndinda alikuwa kwenye mkeka na sahani ya pili ya ugali na maharagwe, anakula haraka, mkono mmoja umeizunguka sahani isije ikachukuliwa. Miaka mitano, na ameshajifunza kulinda sahani. Kalunde alimtazama mpaka macho yakamuuma. Aliwaza kuwarudisha Migwani. Haki alikuwa nayo, ukoo mzima ungemuunga mkono, watoto ni wa nyumba yake. Angekuwa na haki na angewazika wote wawili kabla ya mwezi wa nne, na alijua hilo waziwazi.

Nyawira akaja, akasimama kizingitini. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema amekwenda kwa wazee akawaambia mzee huyu ni mgeni, ameshtushwa na watu wengi, na mtu wa umri huo huweza kuchanganyikiwa. Pasta amekubali kumuuliza mara moja tena, faraghani, kabla barua haijaandikwa. Alisema pasta mwenyewe anataka sana kusikia jibu jingine, maana hakuna anayependa kumfukuza Mutindi. Akasema hivyo akiangalia sakafu, naye hakuwa mtu wa uongo, masikini.

Kalunde akavaa leso yake vizuri, akaenda. Mutindi alimfuata hatua mbili, akamwita, "Mama, usifanye." Alijua alikuwa anaenda kufanya nini, na alijua kwa mzee huyo jambo lenyewe ni kubwa kiasi gani. Kalunde hakurudi nyuma. Wale watoto alikuwa amewatafuta kwa kila alichokuwa nacho, na sasa alikuwa hana mbele wala nyuma, amebakiwa na mdomo tu.

Ofisi ya pasta ilikuwa chumba kidogo kando ya kanisa, dirisha wazi kwa sababu ya joto. Nje watoto wa kiwanjani walikuwa wanakimbiza gurudumu. Pasta alikuwa na daftari la kanisa mbele yake. Alimpa kiti. Alionekana mtu aliyechoka, na kwa mara ya kwanza Kalunde akamwonea huruma kidogo, kidogo tu.

"Mama," pasta akasema, "asubuhi umesema maneno mazito. Labda hukukusudia."

"Ilikuwa hasira," Kalunde akasema. "Hasira ya msiba. Nilikuwa na mwana, Pasta. Mutindi ni mke wake. Akafa, akaniachia watoto."

Ilitoka bila kukwama. Aliposikia mwenyewe alivyoisema, akaanza kulia, na lile halikuwa igizo. Pasta akamwacha alie. Alikuwa Mkamba, alijua anachokisikia, lakini akachukua kalamu kwa mkono usiokuwa na haraka, kwa sababu daftari lilitaka kujazwa na yeye alitaka kwenda kulala na amani yake.

"Pole sana, Mama. Aliitwa nani?"

Hilo Kalunde hakuwa amelifikiria. Alitafuta jina. Akapitisha majina ya ukoo mzima, na kila moja lilikuwa na mtu aliye hai au mtu mwenye mama yake mwenyewe. Kisha akakumbuka: katika kadi za shule watoto walikuwa wameshaandikishwa kwa jina la baba, na Mutindi alikuwa ameandika jina la nyumba, lile la marehemu mume wa Kalunde. Lingine lolote lingewaumbua. Pasta alikuwa anangoja, kalamu juu.

"Ndolo," akasema.

Gurudumu likaanguka huko nje. Miguu ikaja mbio, na uso wenye jasho ukatokea dirishani.

"Naam, Susu. Umeniita?"