Mchanga wa Nyuma ya Nyumba

Nyumba yetu ya Tegeta imepakana na mto, na baba alikuwa akifyatua matofali ya saruji kwa mchanga aliouchota humo. Kila baada ya masika alikuta shimo lake limejaa tena, akasema ni baraka. Baraka gani? Mto ulilijaza kwa kumega kingo za huko juu, ukaukokota mchanga wa watu chini kwa chini mpaka kwetu.

Mwaka mmoja koleo lake liligonga kipande cha sakafu nyekundu, pembe zimelainika kama kokoto. Mama alikitambua. Kilikuwa cha baraza ya shangazi, ambaye nyumba yake ya ukingoni huko juu iliporomoka mtoni masika yale. Baba alikitupa kando, akaendelea kuchota.

Shangazi alihamia kwetu. Baba alimjengea chumba uani kwa matofali yale yale, na mpaka leo shangazi kila akifungua mlango humwombea kaka yake dua.