Taa ya chuo na ua wa Bi Swafiya

Taa tumeichagua leo, na leo hii tumeikataa.

Miezi minne kamati yetu ya chuo yabishania taa za bustani: nguzo ndefu au fupi, mwanga mweupe au wa manjano, jengo la kale lisiharibike sura.
Jana magharibi tukawasha moja ya majaribio. Ikapendeza.

Leo, kalamu mkononi tutie saini ya kuinunua, twasikia hodi.
Bi Swafiya, jirani wa nyuma ya ukuta.
Akatusalimu mmoja mmoja, akauliza hali za watoto. Kisha:
“Taa yenu nzuri, wanangu. Lakini jana mwanga wake umeruka ukuta, tumekaa uani kwetu tumevaa mabuibui, kama tuko sokoni.”

Tukaiweka kalamu chini.

Vipimo nilichukua mimi. Ukuta, miti, njia. Kwa jirani sikutazama, kwa adabu.

Mwenye kujua taa isiyochungulia aniandikie. Mie nimechoka.