Bakuli la Bati Juu ya Jiwe la Lango

Chakula kitamu kuliko vyote nilivyokula mwaka huu kilikuwa kinaachwa juu ya jiwe nje ya lango letu. Mpishi nilikuwa simjui.

Yaani mimi, Tsigereda, ninayejigamba humu kwamba nikilamba kidole tu nakwambia mchuzi kapika nani na siku hiyo aliamkaje, nikala chakula cha mtu nisiyemjua miezi na miezi.

Mnaonifuata mnajua desturi yangu. Kila Enkutatash, mwaka wetu mpya, maua ya njano yakishachanua hapa Dessie, Ethiopia, naweka humu vyakula vilivyoninogea mwaka mzima. Mwaka juzi ilikuwa nyama mbichi ya siagi na pilipili. Mwaka jana nilisafiri kutwa nzima kufuata asali tu, nikarudi mgongo umekufa ganzi.

Mwaka huu mmeniuliza mpaka mmechoka. "Tsige, mambo ya mwaka huu yako wapi?" "Tsige, au umeolewa?"

Sijaolewa. Nilikuwa namuuguza mama.

Mama yangu, Asnakech, alianguka kabla ya Kwaresima. Ini, walisema. Daktari alituruhusu kurudi nyumbani, akanivuta pembeni. "Akila, utakaa naye kidogo. Asipokula, jiandae."

Kaka yangu Getnet yuko Addis Ababa, anatuma pole kwa simu. Nikabaki mimi.

Aliyewahi kuuguza anajua. Unamgeuza mtu, unafua, unachemsha maji, unamgeuza tena. Chakula changu kilikuwa kipande kikavu cha injera, mkate wetu mwembamba wa chachu, nakitafuna nimesimama mlangoni, sikio liko chumbani. Sketi zikaanza kunishuka kiunoni. Nilichoka mpaka utamu ukanitoka mdomoni.

Na mama akagoma kula. Nimbembeleze, nimtishie, nilie, wapi. Alikuwa akifunga mdomo, kafunga.

Mchana mmoja natoka kumwaga maji, nikalikuta. Bakuli la bati lenye mfuniko, limefungwa kitambaa. Ndani shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu, bado wa moto, na injera laini imekunjwa juu yake.

"Nani kaleta?" mama akauliza.

"Sijui."

"Lete hapa."

Nikamkalisha. Akamega, akachovya, lakini tonge la kwanza hakula. Akaninyooshea mimi. Kwetu tonge la mkono wa mtu halikataliwi. Nikafungua mdomo.

Jamani.

Kitunguu kilikaangwa kwa subira mpaka kikayeyuka chenyewe. Kitunguu saumu, mrehani kwa mbali, na pilipili. Pilipili ile niliijua. Ilikuwa ya nyumbani kwetu, ya mkono wa mama mwenyewe. Ila mama hakuwa ameshika kinu tangu augue.

Akanilisha la pili, akanilisha la tatu. "Tonge moja huleta ugomvi," akasema, "matatu huleta mapenzi." Wazee wetu wote husema hivyo wakitaka kukushibisha kwa nguvu.

Yeye akala mawili tu, akageukia ukutani. "Nimeshiba. Malizia."

"Mama, mgonjwa ni wewe au mimi?"

"Malizia. Chakula hakitupwi."

Nikamalizia mabaki ya mgonjwa. Na mfuniko nikaulamba, sioni haya kusema.

Bakuli nikaliosha, nikalirudisha juu ya jiwe. Jioni halipo. Kesho yake mchana lipo, safari hii dengu. Keshokutwa mboga za majani. Na kila siku mama mambo yake yale yale: matatu yangu, mawili yake, malizia.

Nilishukuru Mungu. Angalau mama anakula.

Siku moja nikasema leo namvizia huyu mtu. Nikaweka kigoda nyuma ya lango, nikakaa, macho kodo. Mlinzi gani sasa, nililala fofofo! Nilipozinduka bakuli lilikuwa juu ya jiwe, na kile kitambaa chake nimefunikwa kichwani, jua lisinipige.

Pasaka ikafika. Kwaresima imekwisha, na kwa siku hamsini hatujinyimi nyama wala siagi, hata Jumatano na Ijumaa. Mji mzima unanuka nyama. Nikajua sasa litakuja bakuli la kuku.

Shiro.

Kesho yake dengu. Keshokutwa mboga za majani. Hata tone la siagi hamna.

Nikampigia Getnet. "Huyo atakuwa mtawa," akasema. "Au bahili wa kutupwa."

"Bahili hapiki hivi, kaka."

"Basi mtawa. Muombe atuombee."

Nikakata simu, nikabaki nimelitazama lile bakuli. Ndipo akili ikafunguka. Mtu anayepika kwa upendo namna ile, na Pasaka nzima hathubutu kumtilia Mkristo nyama, ni Mwislamu tu.

Hapa Dessie tunazikana, tunashikiana watoto, tunakunywa kahawa kibaraza kimoja. Lakini nyama kila mtu na bucha lake. Yao hatuli, yetu hawali, tulizaliwa tukakuta hivyo. Huyu alitaka tule bila shaka moyoni. Hesabu ya mifungo yetu hakuijua vizuri, kwa hiyo akaamua kutukosesha siagi pia, asije akakosea.

Na Mwislamu anayeijua pilipili ya mama yangu ni mmoja. Etiye Lubaba, etiye kwa heshima ya umri wake, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

Zamani walikuwa wanatwanga pamoja, kinu kimoja, michi miwili. Mwaka mmoja pilipili zimeanikwa uani, mama kaenda msibani, kamwachia Lubaba aangalie. Lubaba kasinzia, mvua ikanyesha. Pilipili ya mwaka mzima ikaoza. Mama akasema maneno, Lubaba akayajibu, na tangu siku hiyo hawakusalimiana. Mimi nilikuwa bado shuleni.

Nikaingia chumbani. "Mama, ni Etiye Lubaba."

Hakushtuka. "Najua. Kwani pilipili uliijua peke yako?"

"Nimwite basi? Mpaka lini, mama? Ugomvi wa pilipili!"

"Usimwite. Tumeshaongea."

Nikajua ugonjwa umeshapanda kichwani, maana wale hawakuwa wameongea tangu mimi mtoto.

Mama aliondoka katikati ya mvua kubwa, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Siku ile bakuli lilikaa juu ya jiwe mpaka kitambaa chake kikalowa chapachapa.

Lubaba alikuja msibani. Alikaa karibu na mlango, akalia kuliko ndugu zetu, akaondoka bila kuniambia kitu. Kisha watu wakatawanyika, Getnet akarudi Addis, nyumba ikapwaya. Niliweza kulala sasa, na usingizi haukuja. Sikula, na sikuona sababu ya kula.

Mchana mmoja nikafungua lango.

Bakuli.

Niwaambie ukweli, nilipandwa na hasira. Nikalibeba moja kwa moja mpaka uani kwa Lubaba. Alikuwa anachambua dengu kwenye ungo.

"Etiye, mama amekufa! Umesahau? Hili sasa la nani?"

Akaweka ungo chini. "Kwani siku zote ulidhani la nani?"

Sikumwelewa.

"Kaa chini, mwanangu. Siku ile ulipokwenda kununua dawa, nilisikia naitwa ukutani. Lubaba! Lubaba! Sauti ile niliijua. Nikaingia. Nikadhani anataka tusameheane afe. Nikaanza kulia, akanikatiza. Unamjua mama yako."

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Yale ya pilipili yameisha, nyamaza. Sikiliza. Mimi usinipikie, mimi sina tumbo la chakula tena. Lakini mtoto wangu anapenda kula kuliko watu wote, na sasa anakula amesimama. Mpikie huyo. Usimwambie, atakataa. Mimi nitajua namna ya kumlisha.'"

Nikakaa chini pale pale.

Matonge matatu. Mawili. Malizia.

Miezi yote ile nilidhani nakula mabaki ya mama. Kumbe mama ndiye alikuwa anadokoa changu, ili mimi nile.

"Nikome lini hakusema," Lubaba akamalizia, anafunua bakuli. "Basi naendelea."

Akamega, akachovya, akaninyooshea.

Kwa hiyo mnaosubiri vitu vyangu vya mwaka huu, ni kimoja. Shiro ya Etiye Lubaba, isiyo na siagi.

Na wewe unayeuguza mtu muda huu, unayesoma hapa huku unatafuna kitu mlangoni, nakuomba ukae chini ule. Huyo aliyelala humo ndani anakuona.

Mimi leo nimekula nimekaa.