Mayai Kumi na Mawili Yenye Msalaba wa Makaa

Nilichemsha mayai kumi na mawili Jumamosi moja asubuhi, hapa Kakuma, na hakuna mtu aliyekula hata moja. Niliyachemsha polepole, nikayapoza, nikayapangusa moja moja kwa leso kuukuu mpaka ukadhani yametoka kutagwa. Kisha nikachukua kipande cha makaa na kuchora msalaba mdogo juu ya kila yai. Mume wangu alisimama mlangoni akauliza kama tunatarajia wageni. Nikamwambia hatuna wageni, nina jambo langu. Hata maji niliyochemshia sikuyamwaga, yalipopoa niliwapa kuku wanywe. Mimi situpi kitu, na hasira pia situpi.

Hii hasira niliifuga miaka mitatu. Ilianza Lodwar, ambako mume wangu, mtumishi wa serikali, alikuwa amehamishiwa. Sisi ni watu wa Magharibi. Kwetu mgeni asiyechinjiwa kuku hajakaribishwa, na mwanamke asiye na kuku uani huonekana kama bado hajaanza nyumba. Kwa hiyo nilipofungasha kwenda Turkana mama alinipa jogoo na koo, wote wa kishingo, wale wenye shingo nyekundu isiyo na unyoya hata mmoja. Niliwasafirisha kwenye katoni lililotobolewa matundu, nimelibana katikati ya miguu yangu ndani ya basi. Yule koo alitaga njiani tulipokuwa tukipita Lokichar. Nikalifunga lile yai kwenye kitambaa, nikafika nalo Lodwar likiwa zima.

Mama alijua alichokifanya. Jua la Lodwar si la kuku wa manyoya mengi. Watu walileta majogoo makubwa ya kupendeza kutoka Kitale, na kabla saa nne haijafika yamepanua midomo, yanahema. Wa kwangu walitembea na zile shingo zao mbaya, hawana habari. Niliwatengenezea banda la mabati chakavu na magunia, nikazungushia ua wa miiba ya mathenge. Ukoko wa ugali niliuloweka usiku kucha ukawa chakula chao cha asubuhi. Maganda ya mayai niliyatwanga nikawarudishia. Majivu ya jikoni yalikwenda kwenye shimo lao la kuoga, wakajigaragaza humo na viroboto wakakoma. Maji ya kuoshea mchele yalikuwa yao. Kwangu hakuna kilichofika jalalani kabla ya kufanya kazi mara mbili.

Jirani yangu alikuwa mke wa mwalimu, mlango wa pili kwenye ploti hiyohiyo. Naye alitoka mbali kama mimi. Wenyeji walituita watu wa kutoka Kenya, utadhani Lodwar iko nchi nyingine, na sisi wa kutoka Kenya tulishikana. Tuliimba pamoja kanisani, tulichotea maji bomba moja, na jaa la majivu lilikuwa moja nyuma ya ploti. Lakini ulimi alikuwa nao. Alipenda kuwaambia wanawake wa kanisa, nami nimekaa hapohapo, "Huyu dada akikuchinjia kuku, jua kuku amejifia." Wakacheka. Nikacheka nao, ningefanyaje.

Kisha nguchiro akamchukua jogoo wangu. Nililipata paja tu kando ya ua. Koo alikuwa siku ya sita juu ya mayai kumi na mawili, na hayo ndiyo yalikuwa mayai ya mwisho yenye mbegu ya yule jogoo. Nilikuwa nimeyatia yote alama, msalaba wa makaa, kama mama alivyonifundisha, ili kuku mwingine akipenya kutaga humo ulijue yai geni uliondoe. Siku ya pili baada ya nguchiro, nikapigiwa simu kwamba mama amefariki.

Jirani alinisaidia kufunga mizigo. Nilikuwa nimeketi kitandani sijui hata viatu viko wapi, yeye ndiye aliyenivalisha. Akaniambia, "Nenda, dada, nenda ukamzike mama. Kuku wako ni kuku wangu." Maneno yenyewe ndiyo hayo, sijaongeza.

Niliporudi baada ya siku nane, koo alikuwa bado amelalia. Niliinua bawa lake nikaona misalaba, moyo ukatulia. Niliwaza kwamba mama amekwenda, lakini hapa chini kuna kumi na wawili wake. Nikangoja. Siku ya ishirini na moja ikapita. Ya ishirini na tatu ikapita. Ya ishirini na tano nikachukua yai nikalitikisa sikioni, likacheza maji. Nikalivunja nyuma ya choo. Lilinuka, na ndani hapakuwa na kitu, si damu wala mshipa. Nikavunja yote. Lilipobaki moja nilifikicha ule msalaba kwa kidole, kidole kikabaki safi. Makaa huchafua mkono. Ule ulikuwa wino wa kalamu.

Koo hakukaa sana baada ya hapo. Alikuwa amekonda kwa kulalia upuuzi siku zote hizo, jua likammaliza. Nilimlilia yule kuku kuliko nilivyolia kaburini, na majirani wakanishangaa.

Huko nyuma, yule mke wa mwalimu alikuwa na koo aliyetaka kulalia na hana jogoo, jogoo wake walimla Pasaka. Mayai yake yalikuwa matupu, akijua vizuri. Sasa uani kwake wakatoka vifaranga kumi, wote shingo uchi. Nilimuuliza mbele ya wanawake wametoka wapi. Akanipiga begani kwa upendo, akasema, "Jogoo ni jogoo, dada. Yule marehemu wako alikuwa anaruka ua." Wakacheka mpaka mmoja akashika ubavu. Jogoo wangu nilikuwa nimempunguza mabawa kwa mkono wangu mwenyewe, hakuweza kuruka hata kigoda.

Juma hilo, nilipokwenda kumwaga takataka, nilipata ganda kwenye jaa, limelala juu ya majivu ya jikoni kwake. Lilikuwa nusu ganda lenye msalaba mweusi. Nikalifikicha, kidole kikachafuka. Nililifunga kwenye karatasi, nikalitia ndani ya kopo la majani chai, kopo likakaa juu ya kabati.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Niseme nini? Nigombane juu ya mayai wakati matanga ya mama hayajapoa, na mke wa mwalimu, ambaye kanisa zima linamwita mama? Wangesema ni ule ubahili wangu. Nilimwamkia kila asubuhi, nikamuuliza hali ya vifaranga. Aliyetenda husahau, aliyetendewa hasahau.

Mume wangu akahamishiwa Kakuma, nikaja na kopo langu. Huku nilipata kuku kwa mama mmoja wa Sudan Kusini anayeuza sokoni kambini, kuku wazuri, wenye manyoya mpaka miguuni. Niliwapenda kama mtu anavyopenda watoto wa shangazi.

Halafu simu ikalia. Ni yeye, mke wa mwalimu. Kideri kimepita Lodwar, akasema, kimefagia banda lote, amebaki na koo mmoja tu. Na huyo mmoja amegoma, wiki mbili sasa analalia udongo mtupu. "Nasikia huko una jogoo, dada. Nitumie mayai ya kumwekea, nisije nikasahau hata sauti ya kifaranga. Usinitupe." Nilimjibu kwa sauti tamu mpaka nikajishangaa. Nikamwambia yatafika kesho kutwa.

Nilitaka akae nilivyokaa mimi. Nilitaka ahesabu siku, ainue bawa, atikise yai sikioni. Na siku atakapolivunja akute kiini kigumu kama cha mezani, auone msalaba wa makaa, ajue ni mimi, na ajue ni kwa nini. Nilichotaka ni hicho tu, na sikuona aibu. Niliyapanga yale mayai ndani ya ndoo yenye pumba, nikampa dereva wa gari la Lodwar, nikamwonya asiyatikise.

Jioni ya siku hiyo alinipigia. "Nimeona alama," akasema. "Ndiyo," nikasema. Akasema polepole, "Asante sana, dada." Ile asante ilinikera kuliko matusi.

Zile siku zilizofuata nilikuwa na furaha, sitadanganya. Kalenda ya kanisa ilining'inia jikoni, nikawa napiga mstari kwa penseli kila nikiinjika uji. Mume wangu alisema siku hizi naimba nikifua.

Siku ya kumi na tisa gari lilisimama nje. "Ejok, mama," dereva akanisalimu kwa Kiturkana. "Mzigo wako kutoka Lodwar." Lilikuwa katoni lililotobolewa matundu, limefungwa kwa kamba ya katani. Kabla sijalifungua, simu ikalia.

Alikuwa analia. Alisema mwalimu amestaafu, kesho wanahama kurudi kwao, na kuku aliye juu ya mayai hawezi safari ndefu namna hiyo. "Ila si hilo tu. Huyo kuku ni wako. Ametoka kwenye mayai ya mama yako, niliyachukua mimi, dada. Ulikuwa umekwenda kuzika. Nilisema una msiba, hutajua. Nilipoona vifaranga wametoka na zile shingo nikaingiwa na hofu, nikafanya mzaha, na baada ya mzaha nikashindwa kurudi nyuma. Sasa nilipoona misalaba yako nikajua ulijua miaka yote hii, na bado umenitumia mayai. Hakuna mtu amewahi kunitendea hivyo. Zimebaki siku mbili. Vifaranga ni wako, na mama yao ni wako."

Nilifungua katoni nikiwa bado na simu mkononi. Shingo nyekundu ikainuka, akanidonoa kifundo cha mkono, palepale alipokuwa akinidonoa mama yake. Nikapitisha mkono chini yake. Mayai yote kumi na mawili yalikuwa hapo, yana joto.

Nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kama bunzi la mahindi. Wiki mbili juu ya udongo, siku kumi na tisa juu ya mayai yangu, na safari ya mchana ndani ya katoni. Niliyaondoa mayai, akarudi kulalia pale yalipokuwa. Nilimtumbukiza tumbo kwenye maji baridi, kama tunavyowafanyia makoo wasiotaka kuamka. Nikamfunga kamba mguuni kivulini, nikamwekea ukoko na maziwa mala. Nikamsogezea hata vifaranga wa koo mwingine, akawatazama tu. Siku ya tatu nilimkuta amekufa, mabawa yametandazwa chini, amefunika mchanga. Kama mayai yale yangekuwa mayai, siku hiyo angekuwa amesimama anachakura.

Mume wangu aliona kila kitu, na hatimaye nikamweleza. Akaanza, "Mchimba kisima..." Nikamwambia asimalize. Nilimzika kuku chini ya ua wa mathenge, mzima, na manyoya yake, mimi ambaye sijawahi kuzika hata mguu wa kuku usiotengenezewa supu.

Jumapili mke wa mwalimu akapiga simu kutoka kwao. "Wametoka wangapi?"

Hotuba ya miaka mitatu ilikuwa mdomoni. Kopo la majani chai lilikuwa mbele yangu kabatini. Ningesema sentensi moja tu na kisasi kingekamilika, kitamu kama nilivyokipanga. Lakini angeniuliza yuko wapi kuku wa mama yangu, nami ningemjibu nini?

"Wote," nikasema.

"Wote kumi na wawili?"

"Wote."

Akamshukuru Mungu kwa sauti. Akasema tangu siku ile alipoyachukua yale mayai hajawahi kulala vizuri, na leo atalala. Basi analala, na mimi ndiye ninayekesha. Hata kisasi changu amekila yeye.

Sasa hupiga kila Jumapili baada ya ibada. Huuliza wamekua vipi, majike wangapi, shingo zimekuwa nyekundu au bado. Namjibu. Mmoja nimesema amechukuliwa na mwewe, ili habari iwe na ukweli. Jumapili iliyopita aliniomba, nikipata mtu anayeshuka upande wao, nimtumie jogoo mmoja, apate kuanza tena na mbegu ya mama yangu.

Nimemwambia bado ni wadogo.